Kirikuu au Canter? Ukubwa wa injini na hesabu ya mkulima wa Rungwe

KWA mkulima wa ndizi wa Rungwe, safari ya gharama kubwa si ile ndefu ya kwenda Dar es Salaam. Hiyo hufanywa na Fuso kwenye lami, na gharama yake hugawanywa kwa mamia ya mikungu. Safari inayomtafuna ni ile fupi, ya kutoka shambani Masoko, Suma, Kandete au Mwakaleli hadi barabara kuu iendayo Uyole na Kasumulu. Hapo ndipo pikipiki, kirikuu, Noah na Canter hugombea mzigo mmoja, na hapo ndipo injini nyingi hufia.

Mzigo wenyewe hausubiri. Majani ya chai yakishachumwa yanapaswa kufika kiwandani siku hiyohiyo. Maziwa ya asubuhi yakichelewa hadi mchana hukataliwa kwenye kituo cha kukusanyia. Mkungu uliokatwa huanza kuiva ukiwa umelazwa kando ya njia, na dalali aliyekuwa ameahidi bei jana usiku leo hutaja bei nyingine. Kwa hiyo uimara wa injini ni suala la bei ya zao, hata kwa mkulima ambaye hana gari wala hajui kuendesha.

Ndiyo maana mjadala umekuwa mrefu miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wa Tukuyu, Kiwira na Ushirika wanaojiandaa kununua chombo cha kwanza: je, injini ndogo ndiyo inayodumu au kubwa? Wapo wanaosema ndogo, kwa kuwa hula mafuta kidogo na spea zake ni rahisi. Wapo wanaosema kubwa, kwa kuwa haichoki. Kila upande una mfano wa jirani wa kuutolea ushahidi.

Kodi imechangia kuegemeza watu kwenye injini ndogo. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwa magari ya abiria yanayoingizwa nchini umepangwa kwa madaraja ya ukubwa wa injini: isiyozidi cc 1,000 haitozwi, inayozidi hapo hadi cc 2,000 hutozwa asilimia 5, na inayozidi cc 2,000 asilimia 10, mbali na nyongeza inayotokana na umri wa gari. Ada ya mwaka ya leseni ya gari nayo ilikuwa ikipanda kufuata ukubwa wa injini, hadi ilipofutwa kwa bajeti ya mwaka 2017/18 na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Mabadiliko hayo hayakupewa uzito stahiki vijijini. Kabla yake, mwenye gari la injini kubwa alilipa ada hata kama gari lilikuwa limeegeshwa wiki nzima. Baada yake, anayelipa zaidi ni anayechoma mafuta zaidi, na kama itakavyoonekana, huyo si lazima awe mwenye injini kubwa.

Kabla ya kulinganisha magari, ni vema kuiangalia ardhi yenyewe. Tukuyu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Mbeya huendelea kupanda kupita Kiwira hadi Isongole kabla ya kuteremka Uyole. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Ina maana pikipiki ya cc 150 ikifika Tukuyu hufanya kazi kama ya cc 127 hivi. Ile ya cc 100 inabaki na cc 85. Zaidi ya hapo, pikipiki yenye kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya tambarare humwagiwa petroli kuliko inavyohitaji, plagi inakuwa nyeusi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Juu ya hayo kuna mvua, ambayo katika sehemu kadhaa za wilaya huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Tope halivunji injini moja kwa moja, bali humlazimisha dereva kukaa gia ya kwanza na ya pili kwa kilomita nyingi, injini ikizunguka kwa kasi huku chombo kikienda polepole.

Hali hiyo huumiza zaidi pikipiki. Injini yake hupozwa na upepo, na upepo huja pale pikipiki inapokwenda. Ikipanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea ikiwa na mikungu mitano, hakuna upepo. Pikipiki hizi hubeba oili ya lita moja au zaidi kidogo tu, na oili hiyohiyo hulainisha injini, gia na klachi. Ikiungua, hakuna akiba. Watengenezaji walilijua tatizo hili zamani. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ilibuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako wenye pikipiki hawazifanyii matengenezo kwa wakati, na vali zake ziliendeshwa kwa fimbo badala ya cheni inayohitaji kukazwa. Muundo huo ndio ulionakiliwa na viwanda vingi vya China, na nakala zake ndizo zilizojaa Tanzania katika miaka ya 2000, bodaboda iliposhika kasi.

Kati ya cc 100, 125 na 150, tofauti ya uimara kwenye tambarare ni ndogo, na pengine ya cc 100 hushinda kwa kuwa dereva wake huwa hana tamaa ya mwendo. Kwenye milima ya Busokelo mambo hugeuka. Pikipiki imetengenezwa kubeba watu wawili, tuseme kilo 150. Dereva wa kilo 65 akiondolewa, zinabaki kilo 85, ambayo ni mikungu mitatu ya kilo 25 na nafasi kidogo. Mzigo huo ya cc 150 huupandisha kwa gia ya pili bila kulalamika. Ya cc 100 huupandisha kwa gia ya kwanza, mkono wa dereva ukiwa umevuta mafuta hadi mwisho, na nusu saa ya namna hiyo kila siku ndiyo inayokula ringi. Wanaonunua ya cc 100 kwa ajili ya kusomba mazao kwa sababu tu ni nafuu dukani wanajidanganya. Kwa ajili ya abiria mjini Tukuyu, hiyo ni habari nyingine.

Kuna jambo jingine linalohusu uimara wa pikipiki kuliko cc zake, nalo ni mkataba kati ya mwenye chombo na dereva. Dereva anayepeleka hesabu ya siku kwa tajiri bila matumaini ya kuimiliki pikipiki hana sababu ya kubadili oili mapema. Oili hutoka mfukoni mwake, injini itakayokufa ni ya mwenzake. Mzigo wa ziada nao ni faida yake yeye, kwa kuwa hesabu haibadiliki. Mkataba unaomwezesha dereva kuichukua pikipiki baada ya kipindi walichokubaliana hugeuza mambo: kila mwezi unaopita, injini inakuwa yake zaidi, na miezi ya mwisho huitunza kama yai. Tajiri mwenye akili humlipia dereva oili katika miezi ya mwanzo, kisha humwachia mwenyewe. Fedha hiyo ni ndogo ukilinganisha na bei ya pistoni, silinda na siku za kukaa kwa fundi.

Kirikuu imekuja kujaza pengo kati ya pikipiki na Canter, na kwa haraka. Gari hili dogo la Suzuki lilibuniwa kwa sheria za Japani za magari madogo, ambazo tangu mwaka 1990 zimeweka ukomo wa injini kuwa cc 660. Sheria hizohizo zinaweka ukomo wa mzigo kuwa kilo 350. Tarakimu hiyo ya pili ndiyo ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi. Kilo 350 ni mikungu 14 ya kilo 25. Ni magunia matatu na nusu ya viazi ya kilo 100, na kama viazi vimefungwa lumbesa, hata matatu hayafiki. Ukisimama kwenye njia ya kutoka mashamba ya viazi ya Isongole wakati wa mavuno, utaona kirikuu zikiwa zimebeba mara mbili ya hapo na watu wawili juu.

Injini ya kirikuu yenyewe si mbovu. Ina silinda tatu, hupozwa kwa maji, na ikibeba kilo zake 350 haizidiwi kwa uwiano kuliko Canter iliyobeba tani zake tatu. Tofauti iko kwenye mizunguko. Injini ya kirikuu hutoa nguvu zake zote ikizunguka karibu mara 6,000 kwa dakika, ilhali ya Canter hufikia kilele ikiwa imezidi kidogo 3,000. Kila mzunguko ni msuguano. Kirikuu iliyopakiwa mara mbili hulazimika kukaa kwenye mizunguko ya juu muda wote wa kupanda, na rejeta yake ndogo haijatengenezwa kwa joto hilo. Silinda hedi ya aluminiamu ikipata joto kupita kiasi hupinda, gasketi huachia, maji huingia kwenye oili, na ndani ya wiki moja bearingi za krenki zimekwisha.

Hapo kuna tabia ya Rungwe inayoongeza ubaya. Kwa kuwa mito ni mingi, rejeta ikipungua maji dereva huchota mtoni na kumimina. Maji matupu huleta kutu ndani ya injini na kuziba njia nyembamba za rejeta, na baada ya miezi michache gari lile lile ambalo lilikuwa likipanda Katumba bila shida huanza kuchemka. Baadhi ya mafundi hutoa thamostati ili kulipooza. Hilo hufanya injini iendeshwe ikiwa baridi asubuhi za Juni na Julai, na injini baridi hula mafuta na kusagika haraka. Maji ya rejeta yenye rangi, yanayouzwa dukani, ni bima ya bei rahisi kuliko nyingine yoyote anayoweza kukata mwenye kirikuu.

Mnunuzi anapaswa pia kujua kwamba injini mbili zenye cc hizohizo 660 hazifanani. Kirikuu za zamani zina injini iitwayo F6A, ambayo taimingi yake huendeshwa kwa mkanda wa mpira unaopaswa kubadilishwa kwa ratiba. Zilizofuata, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, zina K6A, ambayo hutumia cheni. Mkanda ni rahisi na hubadilishwa kwa siku moja, lakini ukikatika katikati ya mlima safari imeishia hapo. Cheni hudumu, ila hutegemea oili safi, na ikianza kulegea huanza kwa kelele asubuhi injini inapowashwa. Anayenunua kwa mtu ambaye hajui mara ya mwisho mkanda ulibadilishwa lini aingize mkanda mpya kwenye bei.

Noah hutoa funzo hilohilo kwa uwazi zaidi. Zile za kwanza, zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2001, nyingi zilikuja na injini ya petroli ya 3S-FE, cc 1,998. Zilizofuata zikaja na 1AZ-FSE, ambayo mafundi huiita D4, nayo ni cc 1,998. Ukubwa ni mmoja, hata ushuru ni mmoja. Lakini ya kwanza hupuliza petroli kwenye njia ya hewa kwa shinikizo dogo, na fundi yeyote wa Tukuyu anaweza kuifungua na kuifunga. Ya pili hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, hujenga masizi kwenye njia za hewa, na haivumilii petroli chafu. Petroli ya kwenye madumu vijijini ni chafu. Kwa mtu wa Mbeya mjini anayeweka mafuta kituo kimoja na kupima injini kwa kompyuta, D4 si tatizo. Kwa Noah inayopakia abiria ndani na mikungu juu kutoka Mwakaleli, ya zamani bado ni bora, hata kama rangi imepauka.

Hata nje ya nchi, imewahi kuonekana kwamba kuongeza ukubwa hakuondoi udhaifu ulio kwenye muundo. Mfano mzuri ni injini za mzunguko za Mazda, ambazo hazina pistoni za kupanda na kushuka bali pembe tatu zinazozunguka ndani ya chemba. Kampuni ilianza mwaka 1967 na injini ya pembe mbili yenye cc 982, baadaye ikatengeneza ya cc 1,308, na mwaka 1990 ikaongeza pembe ya tatu na kufikia cc 1,962. Nguvu ziliongezeka kila hatua. Lakini sili za kwenye ncha za pembe hizo, ambazo ndizo zinazozuia moshi kuvuja, ziliendelea kuwa sehemu ya kwanza kuchoka katika ukubwa wote, joto lilikuwa kali, na injini zilichoma oili kwa makusudi ya mbunifu mwenyewe. Pembe ya tatu ilileta sili zaidi za kuchoka. Cc zenyewe zilidanganya: Japani, kwa ajili ya kodi, ukubwa wa injini hizo huzidishwa kwa moja na nusu. Mazda iliwahi hata kuiweka injini hiyo kwenye pikapu iliyouzwa Amerika Kaskazini kuanzia 1974 hadi 1977, kisha ikaachana nayo. Pikapu huhitaji nguvu injini ikiwa bado inazunguka polepole, na injini hiyo ilitoa nguvu zake ikizunguka kwa kasi, huku ikimaliza mafuta.

Kinyume chake ni injini za dizeli za familia ya L za Toyota, ambazo wakazi wa Rungwe wamezizoea kwenye Hiace na Hilux. 2L ina cc 2,446, 3L ina cc 2,779 na 5L ina karibu cc 3,000. Zote ni ndugu: silinda nne, mkanda wa taimingi, umbo moja. Hapa ukubwa umesaidia kweli. 3L na 5L hufanya kazi ileile bila kukazwa sana, na sifa yao ya kudumu imeenea kutoka Mbeya hadi Kongo. Lakini Toyota pia iliifunga tabo 2L ili ipate nguvu za injini kubwa bila kuongeza cc. Matokeo yake, 2L-T na 2L-TE zinajulikana duniani kote kwa silinda hedi kupasuka zikipata joto. Anayepewa chaguo kati ya Hiace ya 2L yenye tabo na ya 3L isiyo na tabo kwa bei zinazokaribiana, asibabaishwe na jinsi ile ya kwanza inavyopanda mlima siku ya majaribio.

Canter nayo ina jozi ya namna hiyo. 4D32 ina cc 3,567 na 4D33 ina cc 4,214, ambayo imepatikana kwa kupanua silinda na kurefusha mwendo wa pistoni. Zote mbili huja bila tabo, na taimingi yake ni ya gia za chuma, hakuna mkanda wala cheni ya kukatika. Spea zao zimejaa maduka ya Mbeya mjini, na fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anazifahamu. Katika ulinganisho wote huu, 4D33 iliyotunzwa ndiyo injini inayoisamehe zaidi barabara ya Rungwe. Tatizo lake ni kwamba inataka mzigo.

Hesabu ifuatayo inaonyesha maana yake. Tarakimu ni za mfano, na kila msomaji anaweza kuweka za kwake, hasa bei ya mafuta, ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na ambayo Tukuyu huwa juu kuliko Dar es Salaam. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000, iwe petroli au dizeli. Kijiji kiko kilomita 20 kutoka Tukuyu, kwenda na kurudi kilomita 40. Kuna mikungu 56, sawa na kilo 1,400.

Canter inayokwenda kilomita 5 kwa lita itaipeleka yote kwa safari moja, lita 8, shilingi 24,000. Kirikuu inayobeba mikungu 14 na kwenda kilomita 12 kwa lita itafanya safari nne, kilomita 160, lita 13 na kidogo, shilingi 40,000. Pikipiki ya mikungu mitatu, kilomita 35 kwa lita, itahitaji safari 19, jumla ya kilomita 760, na mafuta ya shilingi 65,000. Injini ndogo kuliko zote ndiyo iliyochoma mafuta mengi kuliko zote, na kilomita 760 za mlima hazikuisha bila kuacha alama kwenye ringi na bearingi.

Ikiwa mikungu ni 14 tu, picha inageuka. Kirikuu hutumia shilingi 10,000, Canter bado shilingi 24,000. Kwa mafuta peke yake, kirikuu hushinda hadi mikungu 28, yaani safari mbili. Kuanzia mkungu wa 29, inapohitajika safari ya tatu, Canter ndiyo nafuu.

Dereva wa kirikuu anaijua hesabu hii kwa tumbo, ndiyo maana hupakia mikungu 28 kwa safari moja. Akifanya hivyo, hata kama gari litashuka hadi kilomita 9 kwa lita, atasomba mikungu yote 56 kwa safari mbili na mafuta ya shilingi 26,700. Ameokoa shilingi 13,300 kwa siku pamoja na saa kadhaa. Fedha hiyo ni halali na inaonekana mkononi. Sasa tuseme kufungua injini, pamoja na siku za kusimama bila kazi, ni shilingi 1,500,000. Itamchukua siku 113 za kusomba kuifikia kwa akiba hiyo. Akisomba siku mbili kwa wiki, ni mwaka mmoja na zaidi kidogo. Kama mzigo wa ziada utaiua injini kabla ya muda huo, alikuwa akijikopa mwenyewe, na springi na matairi bado hayajahesabiwa. Kwa njia ya Tukuyu hadi Ushirika, inayoteremka huku ikiwa na lami, huenda injini ikavuka mwaka. Kwa kupanda kutoka Masoko wakati wa masika, ni vigumu kuamini.

Wengi wa wanunuzi hawa wamekopa, ama SACCOS, ama kwenye kikundi, ama kwa kuahidi mavuno. Rejesho la mwezi halisimami gari linaposimama. Hilo ndilo linalofanya uimara uwe na thamani kubwa zaidi kwa mtu mdogo kuliko kwa tajiri mwenye magari manne, ambaye moja likifa mengine matatu yanalilipia. Kwa mwenye chombo kimoja, injini inayokula mafuta zaidi kidogo lakini haisimami msimu wa mavuno inaweza kuwa nafuu kuliko inayoonekana nafuu kwenye kituo cha mafuta. Pia si lazima kila kikundi kimiliki injini. Wakulima kumi na wawili wenye mikungu mitano kila mmoja wana mikungu 60, mzigo wa Canter ya kukodi, mradi wakubaliane siku moja ya kukata. Kinachoshinda vikundi vingi ni siku, kila mtu akitaka kukata siku anayohitaji fedha.

Umri na historia ya injini hufuta faida yoyote ya ukubwa. 4D33 iliyokwisha kufunguliwa mara tatu si bora kuliko kirikuu iliyobebeshwa mboga tu. Namba za kilomita kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi, hivyo mnunuzi aiwashe injini ikiwa imelala usiku kucha, si ile ambayo muuzaji amekwisha kuipasha moto. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha ni maji kwenye silinda, na mweusi kwenye dizeli mara nyingi ni nozo. Kifuniko cha oili kikiwa na utando kama maziwa, biashara iishie hapo. Kisha gari lipakiwe mzigo halisi na kupandishwa kutoka Kiwira kuelekea Isongole, fundi akiwa ndani, na geji ya joto itazamwe njia nzima. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshajibu.

Jambo moja litabadilisha hesabu hizi kuliko bei ya mafuta. Barabara ya Katumba kupitia Mbambo hadi Tukuyu imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande. Kila kipande kinapokamilika, Canter na hata Fuso husogea karibu na shamba, na safari ya kilomita 20 ya tope hugeuka kuwa ya kilomita mbili au tatu kutoka mgombani hadi kwenye lami. Safari hiyo fupi ni ya pikipiki, tena ya mizigo midogo isiyoiumiza. Ile ya kati, ambayo ndiyo imeipa kirikuu soko, ndiyo itakayopungua. Anayesaini leo mkopo wa miaka mitatu kwa ajili ya kirikuu ya kusomba ndizi kutoka bonde la Busokelo anapaswa kuuliza lami itakuwa imefika wapi kabla ya rejesho la mwisho, kwa maana mwaka huo wa tatu huenda injini ikawa nzima na mzigo haupo.